Mtoto anayejichafua darasani amefunga choo, asichapwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni aliandika kuwalalamikia watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza wanaojichafua nguo wakiwa shuleni. Alisema kwamba watoto hao hawakulelewa, kwamba wazazi wa siku hizi wamewaachia dada wa kazi jukumu la kuwafundisha watoto kwenda chooni, na kwamba shule ziruhusiwe kuwarudisha nyumbani mpaka watakapojua kujitunza. Sina ugomvi na uchovu wa walimu, kwa kuwa najua ilivyo kazi kubwa kwa mwalimu mmoja kusimamia darasa lililofurika. Hata hivyo, nilifanya kazi ya uuguzi katika wodi na kliniki za watoto hapa Moshi hadi nilipostaafu, na watoto niliowahudumia wanakataa kabisa maelezo ya msomaji huyo. Mtoto wa miaka 5, 6 au hata 9 ambaye nguo zake huchafuka mara kwa mara, kwa kawaida ni mtoto aliyefunga choo, na kile kidogo kinachoonekana nguoni kinatokana na kingi kilichokwama ndani.

Maelezo haya huwashangaza wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, kwa sababu akili ya kawaida inasema kwamba aliyefunga choo hatoi kitu. Ndiyo maana naomba nieleze kwa kirefu kidogo jinsi jambo lenyewe linavyotokea.

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji yaliyomo kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yanapofika mwisho wa safari, katika sehemu iitwayo puru, kuta za puru hutanuka, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na mtu akahisi haja. Pale kwenye mlango wa kutokea kuna misuli ya aina mbili: ile ya ndani hulegea yenyewe bila kutuuliza, na ile ya nje hutii amri yetu, nayo ndiyo inayomwezesha mtu kuvumilia akiwa ndani ya daladala au kanisani. Mtoto anapofundishwa kwenda chooni anajifunza kuitawala misuli hiyo ya nje, na katika kujifunza huko anapata pia uwezo wa kujizuia kupita kiasi.

Mara nyingi chanzo ni choo kimoja tu kilichouma. Mtoto anaugua homa, hataki kula wala kunywa kwa siku kadhaa, choo kinakauka, na siku kinapotoka kinamchana na kuacha uzi wa damu. Mtu mzima angesema kesho itakuwa nafuu. Mtoto wa miaka 2 au 3 haoni hivyo. Anachokumbuka ni kwamba kule chooni kuna maumivu, na haja inapokuja tena anaamua kutokwenda. Akikaza misuli kwa dakika chache, hisia ya haja hupotea, na yeye anaona ameshinda. Ndani kwa ndani, choo kile kilichobakizwa kinaendelea kufyonzwa maji, kinapokea kingine kinachokuja nyuma yake, kinakuwa kikubwa na kigumu kuliko cha jana, na kitakapotoka kitauma zaidi ya kile cha kwanza. Kwa hiyo maumivu yanazaa kujizuia, na kujizuia kunazaa maumivu mapya.

Kuna vipindi vitatu ambavyo watoto wengi huingia katika mtego huu: mtoto anapoanza vyakula vingine baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama, anapofundishwa choo, hasa akifundishwa kwa haraka na kwa ukali, na anapoanza shule. Mzazi mwenye jicho zuri ataona dalili mapema. Mtoto husimama kwa ncha za vidole, hupishanisha miguu na kukaza makalio, hukakamaa mwili mzima huku jasho likimtoka, au huacha michezo ghafla na kujificha nyuma ya mlango au migombani. Wazazi wengi humwona katika hali hiyo wakadhani anasukuma, wakamhimiza aongeze nguvu. Kwa hakika anafanya kinyume chake: anapigana na choo kisitoke.

Hali hiyo ikiendelea kwa wiki na miezi, puru hutanuka kupita kiasi na kubaki hivyo. Mishipa ya fahamu iliyozoea kutoa taarifa kila choo kinapofika huzoea kukuta pamejaa wakati wote, na taarifa hukoma. Hapo ndipo kujichafua kunapoanza. Sisi tuliokulia kando ya mifereji ya mlimani tunafahamu kinachotokea gogo na matope vinapoziba mfereji: maji hayakomi kuja, yanatafuta upenyo pembeni na kumwagika yasikotakiwa. Choo laini kinachotoka juu ya utumbo mpana hukuta njia imezibwa na donge gumu, kikapenya pembeni mwake na kuvuja hadi nguoni, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku moja. Mtoto hana habari. Anapoulizwa kwa nini hakuomba ruhusa akajibu kwamba hakusikia haja, anasema kweli tupu. Na wale wanaouliza inakuwaje asisikie hata harufu wajue kwamba pua ya binadamu huizoea harufu inayokaa nayo kutwa nzima, na mtoto huyu amekaa nayo kwa miezi.

Madaktari hawahesabu kujichafua kuwa tatizo la afya kabla mtoto hajatimiza miaka 4, kwa sababu kabla ya hapo wengi bado wanajifunza. Baada ya umri huo, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wanaojichafua wana choo kilichorundikana ndani, na wavulana wanaopatwa ni wengi kuliko wasichana. Wako wachache wanaojichafua bila kufunga choo, nao wanahitaji msaada wa namna nyingine, lakini hata hao huwezi kuwatambua kabla ya mtu mwenye ujuzi kulishika tumbo na kuuliza maswali yanayostahili.

Kosa ninalolijutia zaidi katika mazingira yetu ni la kumtibu mtoto wa namna hii kana kwamba anaharisha. Mama anaona nguo imechafuka kwa majimaji mara 3 au 4 kwa siku, anakwenda duka la dawa na kusema mtoto anaharisha, naye muuzaji, bila kuuliza zaidi, anampa dawa ya kuzuia kuharisha. Dawa hiyo inapunguza mwendo wa utumbo ambao tayari umelala. Nimewapokea kliniki watoto waliozungushwa hivyo kwa miezi, wakapewa dawa za kuzuia, kisha antibayotiki, kisha vipimo vya amiba, na walipolazwa kitandani ukagusa tumbo chini ya kitovu, upande wa kushoto, donge lilishikika hata kwa mkono wa mwanafunzi wa uuguzi.

Mzazi anaweza kutofautisha mambo haya mawili bila kipimo chochote. Anayeharisha hutoa choo chepesi kwa wingi, huwa mgonjwa kwa siku chache, kisha akapona. Huyu wetu hutoa kidogokidogo, kama kilichopakwa kwenye nguo, kwa wiki hadi wiki, halafu baada ya siku kadhaa hutoa choo kimoja kikubwa ajabu, ambacho nyumba zenye choo cha kuvuta maji hukitambua kwa sababu kinaziba. Kabla ya choo hicho mtoto huwa amekosa hamu ya kula, tumbo limejaa na kuuma, na amekuwa mkali bila sababu. Kikishatoka, ndani ya saa chache anacheza na kudai chakula. Baadhi yao hukojoa kitandani pia, au hupata maambukizi ya mkojo mara kwa mara, kwa kuwa puru iliyojaa hukibana kibofu kilicho mbele yake.

Sasa niseme kuhusu fimbo. Katika nyumba zetu na katika baadhi ya madarasa, mtoto anayejichafua huchapwa, huchekwa, hubandikwa majina, huvuliwa nguo mbele ya wenzake na kuoshwa kwenye bomba la uwanjani. Wapo wazazi wanaofanya hivyo kwa uchungu, baada ya kuambiwa na mama mkwe au majirani kwamba mtoto anadeka. Lakini ukimchapa mtoto kwa jambo asilolihisi, hana cha kurekebisha. Anachojifunza ni kuogopa choo zaidi na kuficha ushahidi, na ndiyo maana chupi zilizochafuka hukutwa zimefichwa chini ya godoro au zimetupwa shimoni. Hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo simwombei mtoto huruma tu hapa. Kwa maoni yangu fimbo inarefusha matibabu, na mwalimu au mzazi anayeitumia anajiongezea kazi ya kufua.

Kuna pia tiba za nyumbani ambazo lazima nizitaje, kwa sababu bado zinatumika mjini na vijijini. Ya kwanza ni kipande cha sabuni kinachochongwa na kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa ya mtoto mchanga. Sabuni hutoa choo, hilo siwezi kulikana, lakini hukitoa kwa kuunguza utando laini wa ndani, na mara nyingi hutumiwa kwa mtoto ambaye hana tatizo lolote. Mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka wiki za mwanzo, anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila kupata choo. Mradi ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, tumbo halijavimba na choo kikija ni laini, aachwe. Ya pili ni kumwingizia mtoto maji ya mizizi na majani kwa mpira, jambo ambalo limewahi kuwatoboa watoto utumbo na kuwatia sumu. Mafuta ya nyonyo na chumvi ya haluli, ambazo kizazi chetu tulinyweshwa karibu kila likizo, humsokota mtoto tumbo na kumuongezea sababu ya kuchukia choo. Dawa za minyoo ni nzuri kwa minyoo, na watoto waendelee kupewa kama utaratibu wa shule na kliniki unavyoelekeza, ila hazina uwezo wa kuondoa donge la choo lililokaa miezi mitatu.

Matibabu yenyewe yana hatua mbili, na wengi hushindwa kwa sababu hufanya ya pili bila ya kwanza au ya kwanza bila ya pili. Kwanza donge lililomo liondolewe lote. Dawa inayopendekezwa siku hizi duniani kote ni unga uitwao polietilini glaikoli, ambao huyeyushwa kwenye maji na kunywewa. Haufyonzwi mwilini kwa kiwango cha maana, bali huyashikilia maji ndani ya utumbo mpaka choo kilainike. Kwa kazi hii ya kusafisha, daktari hupima dozi kwa uzito wa mtoto na kuitoa kwa siku 3 hadi 6. Pale unga huo usipopatikana, au bei yake inapomshinda mzazi, hutumika laktulosi, ambayo ni sharubati tamu inayofanya kazi inayokaribiana na hiyo, au hospitalini huwekwa dawa kwa njia ya haja kubwa. Njia hii ya mwisho inafanya kazi vizuri pia, lakini kwa mtoto ambaye tayari anaogopa kuguswa sehemu hiyo, mimi ningechagua ya kunywa kila inapowezekana. Mzazi aonywe mapema kwamba katika siku hizi za mwanzo kujichafua kutaongezeka, asije akadhani dawa imemdhuru mtoto na kuiacha katikati.

Hatua ya pili ndiyo inayochosha. Puru iliyotanuka kwa miezi hairudi katika umbo lake kwa wiki moja, na mtoto aliyejifunza kwamba choo kinauma hatasahau mpaka apate choo laini siku baada ya siku kwa muda mrefu. Kwa hiyo dawa ya kulainisha huendelea, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa muda usiopungua miezi 2, na haianzi kupunguzwa mpaka mtoto atimize angalau mwezi mmoja bila dalili, tena ipunguzwe taratibu. Hapa ndipo tunapowapoteza. Mama anaona mtoto amepata choo vizuri wiki ya kwanza, chupa imekwisha, nauli ya kurudi kliniki hana, jirani naye amemwambia kwamba dawa hizo hulevya utumbo ukashindwa kufanya kazi wenyewe. Dawa nilizozitaja haziufanyi utumbo uwe mtumwa wake. Kinachoudhoofisha utumbo ni donge linaloachwa lirudi. Hata kwa matibabu mazuri, takriban nusu ya watoto ndio wanaopona na kuacha dawa ndani ya miezi 6 hadi 12. Waliobaki huhitaji muda zaidi, na waliocheleweshwa kuanza tiba huchelewa pia kupona. Mzazi akiambiwa hivyo siku ya kwanza huvumilia. Akidanganywa kuwa ni suala la wiki mbili, hukata tamaa.

Pamoja na dawa, mtoto akae chooni kwa utaratibu, dakika 5 hadi 10 baada ya kula, kwa kuwa chakula kinapoingia tumboni huuamsha utumbo mpana, na mwamko huo huwa na nguvu zaidi asubuhi. Asifiwe kwa kukaa, hata kama hakutoa kitu. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri sana kwa mwili, kwa maana mkao wake unanyoosha njia. Kinachowatisha watoto wadogo ni tundu pana, giza, na hadithi za kaka zao kuhusu kilichomo shimoni. Ukipunguza tundu kwa ubao, ukaacha mlango wazi na kusimama jirani, hofu hupungua. Anayetumia choo cha kukaa awekewe kigoda chini ya miguu, kwani miguu inayoning'inia haimpi nguvu ya kusukuma.

Lakini asubuhi hiyo tunayoisifu iko wapi? Mjini Moshi, na Arusha vilevile, mtoto wa miaka 5 anaamshwa saa 11 alfajiri kwa sababu basi la shule linapita saa 11:30 likikusanya wenzake mtaa kwa mtaa. Anavalishwa akiwa usingizini, anakunywa nusu kikombe cha chai, au hanywi kabisa, na haja inapomjia yuko ndani ya basi. Anajizuia. Akifika shuleni mstari umeanza, baada ya mstari ni darasa, na haja ile ya asubuhi imeshapotea. Nikiona jinsi tunavyoishi siku hizi nashangaa kwamba watoto wanaofunga choo si wengi zaidi. Familia zisizo na namna ya kubadili ratiba ya basi zihamishie utaratibu wa choo jioni, baada ya chakula, kila siku, bila simu wala televisheni mbele ya mtoto.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu watu hupenda kuanzia hapo na kuishia hapo. Ni kweli kwamba sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe imepoteza makapi yanayokipa choo wingi, na dona ni bora. Ni kweli kwamba mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa siku hushiba asile vitu vingine, na baadhi hufunga choo kwa sababu hiyo. Mkoa huu una maparachichi, mapapai, maharage na mnafu kwa bei ambayo watu wa miji mingine wanaitamani, kwa hiyo umaskini si kisingizio kwa kila nyumba. Mtori nao unasingiziwa bure. Shida ni kumpa mtoto mtori na maziwa pekee mchana na usiku. Ila mtoto ambaye tayari ameziba, ukimlundikia mboga na matunda kabla ya kumsafisha unamwongezea mzigo juu ya mzigo. Chakula bora na maji ya kutosha hulinda. Kuzibua ni kazi ya dawa.

Narudi shuleni, na kwa msomaji aliyependekeza watoto hawa warudishwe nyumbani. Kiwango kinachotakiwa na Serikali yetu ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani, jambo jema lisilo na kifani, lakini matundu hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mtoto wa awali anashindania mapumziko ya dakika chache na wavulana wa darasa la saba, mlango hauna komeo, maji hayapo, na akiomba ruhusa wakati wa kipindi anaambiwa angoje kengele. Mtoto mwenye afya tunamfundisha kufunga choo, kisha tunamlaumu akifanikiwa. Kumfukuza kutafanya afichwe nyumbani, apitwe na masomo, na arudi mwaka unaofuata akiwa na puru ileile. Mwalimu anaweza kusaidia kwa mambo ambayo hayahitaji bajeti: kumweka mtoto huyo karibu na mlango, kukubaliana naye ishara ya kutoka bila kuomba mbele ya darasa, kumruhusu aende dakika chache baada ya uji wa saa 4 wenzake wanapokuwa wametawanyika, na kumwambia mzazi faraghani alete nguo ya akiba. Kamati za shule zinapopanga michango ya ujenzi zifikirie pia tundu moja au mawili ya watoto wa awali peke yao, madogo na yenye mlango unaofungwa.

Zaidi ya watoto 9 katika kila 10 wanaofunga choo hawana ugonjwa mwingine nyuma yake. Kwa ajili ya yule mmoja, kuna dalili ambazo hazitakiwi kungojea. Mtoto mchanga ambaye hakupata choo cha kwanza ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa apelekwe hospitali hata kama baadaye alipata, na kwa kuwa wapo akina mama wanaoruhusiwa mapema au kujifungulia nyumbani, ni juu ya bibi na wakunga kukumbuka kuuliza. Huenda ni ugonjwa wa Hirschsprung, ulioitwa kwa jina la daktari wa watoto wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, ambao humpata takriban mtoto mmoja katika kila 5,000. Sehemu ya mwisho ya utumbo huzaliwa bila chembe za fahamu, na tiba yake ni upasuaji. Vivyo hivyo apelekwe hospitali mtoto anayetapika nyongo, anayevimba tumbo, asiyekua, mwenye miguu dhaifu, au mwenye kishimo, kishungi cha nywele au uvimbe mwishoni mwa uti wa mgongo, ambavyo vinaweza kuashiria mgongo wazi uliojificha. Na mtoto aliyekuwa msafi kwa miaka kisha akaanza kujichafua ghafla, akiwa na hofu ya mtu au mahali fulani, aulizwe kwa upole na faragha, kwa maana wako wanaofanyiwa ukatili wasiweze kuusema kwa mdomo. Namba 116 ya msaada kwa mtoto na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi vipo kwa ajili hiyo.

Wengine wote waanzie kituo cha afya kilicho karibu, na wakihitaji rufaa tuna hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi, na Mount Meru kwa wenzetu wa Arusha. Kabla ya kwenda, mzazi aandike kwa wiki mbili kwenye daftari siku ambazo mtoto alipata choo, ukubwa na ugumu wake, na siku ambazo nguo zilichafuka. Daftari hilo lina thamani kuliko picha nyingi za eksirei. Akifika mbele ya daktari asiseme kwamba mtoto anaharisha. Aseme kwamba anajichafua, amekuwa hivyo tangu lini, na kwamba choo kikubwa hutoka baada ya siku ngapi. Na kama mtoto ataandikiwa dawa bila tumbo lake kuguswa, mzazi asione haya kuomba liguswe kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Muuguzi mstaafu,
Rau, Moshi